Mbegu iko chini ya chupa



Mwezi uliopita, nyuma ya kazi, tulikuwa tumeikala karibu na geti, pale bamama wanauzishaka munkoyo. Watu wawili wakafika na karatasi za takse. Mama mumoja, mujane wa mwenzetu wa ekipi, hakuwa na kitu cha kuwapa. Wakamwanga ndoo zake zote tatu katika mavumbi, wakaenda. Mama hakulalamika juu ya falanga. Alisema neno moja tu: "Wamemwanga na mbegu yangu."

Vijana wengine walicheka. Walifikiri ni mahindi anayosema. Leo nataka kueleza lile neno, juu linatugusa sisi wote tunaoishi kwa mushahara wa mugodi.

Pombe haichachi yenyewe. Kinachoichachisha ni levire, ndiyo chachu, kitu chenye uzima, kidogo sana hata jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja. Levire inakula sukari, inatoa alkoli na ile hewa inayofanya povu. Mufaransa Louis Pasteur aliandika kitabu juu ya bia katika mwaka 1876. Alionyesha kwamba viko vitu vizima vinavyotengeneza pombe, na viko vingine vinavyoiharibu. Mama yetu hakusoma Pasteur. Lakini anatwanga mizizi ya munkoyo, anaitia katika uji wa mahindi uliopoa, na ile mizizi inageuza uji kuwa mutamu. Kiisha anaongeza kikombe kimoja cha munkoyo ya jana. Ndani ya kile kikombe muko levire na wenzake wanaoleta uchachu. Kile kikombe njo mbegu. Ukimwanga yote, kesho hana pa kuanzia.

Sasa tuangalie Bulaya. Kule Ubelgiji watawa wa Chimay, Orval na Westmalle wanafunga bia katika chupa pamoja na levire iliyo hai. Bia inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa, na tope ile unayoona chini si uchafu, ni levire iliyolala. Watu wanaopika bia nyumbani kule wanajua hivyo. Hawaitupi ile tope. Wanaiamsha, wanaipa chakula, inazaa, kiisha wanapikia bia yao.

Mwenzetu mumoja, fundi wa umeme, alitaka kujaribu. Kwanza alichukua chini ya chupa ya bia ya kawaida ya kiwanda. Alingoja wiki nzima, hakuna povu. Hata haikushangaza: bia nyingi za kiwanda zinachujwa, kiisha zinapashwa moto ili zikae muda murefu. Levire imekwisha kutolewa, na iliyobaki imekufa. Nyuma ya hapo mutoto wake aliye Ubelgiji akamutumia chupa mbili za Chimay. Hapo tukaona kazi.

Chupa moja tuliisimamisha siku mbili bila kuitikisa, ili tope ishuke. Mahindi yaliyooteshwa tuliyakausha, tukayasaga, tukayaweka katika maji ya moto yasiyochemka karibu saa moja mpaka maji yakawa matamu. Sukari peke yake haitoshi, levire inataka chakula kamili. Tukachuja, tukachemsha, tukafunika mpaka ikapoa kabisa. Ukiimwangia levire maji ya moto, umeiua. Tukapitisha mudomo wa chupa katika moto. Bia ya juu tulikunywa, hatukuwa wajinga. Vidole viwili vya chini tukavizungusha na kuvimwanga katika nusu glasi ya yale maji matamu, ndani ya chupa iliyochemshwa. Juu tulifunika tu, hatukukaza, juu hewa ikikosa njia chupa inapasuka.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu povu ikapanda. Fundi aliita mpaka majirani. Tukaipa chakula tena, litre moja, na harufu ilikuwa ya mukate. Ingekuwa ya siki au ya kuoza, tungemwanga yote na kuanza upya.

Mama mujane alikuja kuangalia. Aliuliza: "Na hii inatofautiana nini na kikombe changu?" Hakuna aliyejibu. Kusema kweli, inatofautiana kidogo: ya watawa imechaguliwa levire safi, yake iko mchanganyiko. Lakini kazi ni moja. Usafi, subira, na kuacha mbegu ya kesho. Basi juu ya nini chupa ya Bulaya tunaiwekea heshima juu ya meza, na ndoo ya mama inamwangwa mbele ya geti?

Najua wenzangu watasema: "Kamarade, unasukuma watu katika ulevi." Hapana. Munkoyo mupya haiko lutuku. Lutuku inapikwa kwa kukusanya mvuke, ni kali sana, na hakuna anayepima kilicho ndani. Nimesimama kwenye mazishi juu ya lutuku, sitaitetea hata siku moja. Na mutu anayeshuka mugodini na pombe kichwani, hata glasi moja, anahatarisha wenzake. Kama sendika, hapo hatubembelezi mutu. Lakini kumwanga ndoo ya munkoyo hakuzuii lutuku. Kunamuondolea mama chakula, na wale wa lutuku wanaendelea usiku katika parsela zilizofungwa.

Nakumbuka utoto wangu. Kampuni ilikuwa ikikaa miezi bila kulipa. Baba alikuwa akienda kazini na kurudi mikono mitupu. Masomo yangu yalilipwa na ndoo ya mama. Wengi wenu munaosoma hapa munajua hesabu hiyo, hata kama munaona haya kuisema.

Kwa hiyo nauliza mambo matatu. Kwa komini: wapeni bamama mahali penye maji safi, takse moja inayojulikana, yenye risiti, na muache kumwanga. Kwa sendika zetu: tunafundisha wafanyakazi juu ya kofia na bote, tufundishe pia familia zao usafi wa ndoo, maji ya kuchemsha na hesabu ya faida. Kwa bamama wenyewe: muache kufichana mbegu. Katika mwaka 1883, kule Copenhagen, Emil Christian Hansen wa Carlsberg alitenga levire safi ya kwanza ya bia. Mwenye kiwanda, Jacobsen, hakuifungia katika sanduku. Aliwapa wenye viwanda wengine bila malipo. Yule alikuwa tajiri, na bado aligawa. Mbegu ikikaa katika nyumba moja, siku ndoo ikimwangwa imekwisha. Ikikaa katika nyumba tano, haipotei.

Kwetu njo ilivyokuwa. Mama mwingine wa avenie ya pili, ambaye kila siku wanagombea wateja, alimuletea mujane kikombe kimoja. Siku ya nne mujane alirudi mbele ya geti na ndoo moja. Shaba tunayochimba haioti tena. Kikombe kile kimeota. Tukipita pale jioni, tununue, tulipe, na wenye karatasi wakifika, tusimame naye.