KUCHEMSHA MAJI NI WAJIBU, MAJI SALAMA NI HAKI



Kila litolewapo tangazo la kuwataka wananchi wachemshe maji ya bomba, hapa Tunduru husikika majibu mawili. Mmoja husema: "Wazee wetu waliyanywa hivi hivi." Mwingine, mwenye dhamana, husema: "Sisi tumekwisha kutangaza." Twasema wazi kwamba majibu yote mawili ni ya kukwepa wajibu.

Kwa yule wa kwanza: wazee waliyanywa, lakini tusisahau makaburi ya watoto wao. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, hata maji yawe maangavu namna gani. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi yetu.

Basi, maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, yaendelee hivyo kwa dakika moja kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko, na yamiminwe. Kikombe kisichovywe ndani. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupigia mswaki, ya kuoshea matunda na kachumbari, na ya kumchanganyia mtoto maziwa. Tufahamu pia kwamba moto huua vijidudu, lakini hauondoi mafuta wala kemikali. Maji yenye uchafu wa namna hiyo yasinywewe kabisa.

Kwa yule wa pili: tangazo halimgharimu kitu anayelitoa. Gharama ni ya mama anayetafuta kuni, na ya maskini anayenunua mkaa kwa kopo. Mwaka 1971 Taifa lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na salama karibu na makazi yake. Mwaka huo ulipita bila lengo kutimia. Sera ya Maji ya 2002 ikaweka kipimo cha mita 400 tu toka nyumbani hadi kituo cha maji. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji salama ni haki ya binadamu. Haki ya namna hiyo haitimizwi kwa kumwachia mama na sufuria yake kazi ya mtambo wa kusafishia maji.

Kwa hiyo, viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo, simameni katika mkutano mkuu wa kijiji, mwulize kwa adabu bila woga: Maji yetu yalipimwa lini? Majibu yako wapi? Dawa ya kutibu maji ipo? Fedha tunazochangia zimetumikaje? Tangazo hili litaondolewa lini?

Leo tuchemshe, kwa maana uhai hausubiri. Lakini tusikubali kuchemsha kuwe ndiyo huduma yenyewe.