Dawa Ijaribiwe, Lakini Siku ya Kibarua Ilipwe



Kuna udalali wa aina yake ambao wengi wetu hatuujui, na si wa viwanja wala wa ng'ombe. Ni kazi ya kumkutanisha mwenye dawa mpya na mwenye hospitali. Kampuni ya dawa au shirika la utafiti liko Ulaya au Marekani. Lina dawa ambayo bado haijathibitishwa, nalo linatafuta mahali pa kuijaribu. Huku kwetu iko hospitali yenye madaktari, maabara, majokofu na wagonjwa. Zamani walikutana kwa kujuana tu, daktari na daktari mwenzake waliosoma pamoja. Baadaye mambo yakawekwa rasmi. Mwaka 2003 nchi za Ulaya na za Afrika ziliunda ushirikiano uitwao EDCTP kwa ajili ya majaribio ya dawa. Mwaka 2020 Akademia ya Sayansi ya Afrika, yenye makao Nairobi, ilizindua daftari la mtandao ili vituo vya Afrika vijiandikishe na wafadhili wavione.

Sababu waliyoitoa ni ya kweli. Magonjwa tunayo tele, lakini majaribio ya dawa yanayofanyika Afrika ni sehemu ndogo mno ya yale ya dunia nzima.

Wapo wenzetu wanaosema, "Sisi si panya wa maabara." Nawaheshimu, ila katika hili sikubaliani nao, na sababu yangu iko hapa hapa Mbarara. Kati ya mwaka 2005 na 2010 hospitali 11 katika nchi 9 za Afrika, Mbarara ikiwa mojawapo, zilijaribu sindano ya artesuneti dhidi ya kwinini kwa watoto waliozidiwa na malaria. Watoto 2,713 walipewa kwinini, wakafa 297. Watoto 2,712 walipewa artesuneti, wakafa 230. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake, na artesuneti ikashika nafasi ya kwanza kwa watoto. Kila mzazi aliyewahi kukesha karibu na chupa ya kwinini, akihesabu matone na kuomba Mungu, anajua maana ya badiliko hilo. Lisingepatikana kwa maneno matupu. Lilipatikana kwa sababu wazazi walikubali watoto wao waingizwe katika hesabu ile.

Au chukueni homa ya manjano. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulilipuka Angola na Kongo, na chanjo ikawa haba duniani. Watu wazima 960 wa Mbarara, na wa Kilifi kule pwani ya Kenya, wakakubali kupimwa kama moja ya tano ya dozi ingetosha. Ikaonekana kwamba kinga inapatikana. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wenye afya zao, na jambo hilo naomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Kwa hiyo sipingi majaribio. Ninachouliza ni nani anakaa mezani siku mfadhili na hospitali wanapopatana. Hospitali inapojitangaza kwa mfadhili, husema ina vitanda vingapi, mashine gani, na wagonjwa wangapi wanaoweza kuandikishwa kwa mwezi. Hao "wangapi kwa mwezi" ni sisi. Ni mchuma chai wa Bushenyi, mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa cha mjini, mkimbizi anayelima kwa kibarua huko Isingiro. Tumo katika tangazo kama idadi, lakini katika mapatano hatumo.

Tena mapatano hayo ndiyo kila kitu. Bajeti ikishatiwa sahihi, bima imo au haimo, nauli imo au haimo, mkalimani yumo au hayumo, na dawa ya kumpa mtu baada ya jaribio kwisha vile vile. Fomu ya ridhaa inapomfikia mama akiwa na mtoto mgongoni, yeye hana la kubadili. Anaweka dole gumba au anakwenda zake. Kamati ya maadili huipitia fomu, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia hutoa kibali, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa huangalia dawa yenyewe. Kazi yao ni muhimu. Lakini hakuna hata mmoja wao mwenye wajibu wa kuuliza kama nyapara atamkata mtu siku yake.

Na siku hukatwa. Mwenzangu mmoja katika shamba la chai alijiandikisha katika utafiti. Siku za kurudi kupimwa damu alipewa nauli na soda. Chai hulipwa kwa kilo. Asiyechuma hana kilo. Aliporudi shambani alikuta ameandikwa mtoro. Aliporudi mara ya pili akaonywa. Mara ya tatu hakwenda kupimwa, na kwa hiyo hasara ikawa ya pande mbili: yeye alikwishapoteza ujira wake, na watafiti wakapoteza hesabu yao.

Mtauliza, je, sheria haisemi kitu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini aliyejitolea kujaribiwa chanjo si mgonjwa. Ni mzima kama wale 960. Sheria ya fidia nayo inahusu madhara yatokanayo na kazi, na sindano ya utafiti si kazi ya mwajiri. Mtu huyo amesimama katikati ya sheria mbili, na hakuna hata moja inayomfikia. Kinga yake pekee ni karatasi ya bima ya utafiti, ambayo mara nyingi hajaiona.

Kano, Nigeria, mwaka 1996, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto 200 hivi wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Watoto 11 walikufa, 5 kati yao wakiwa wamepewa dawa hiyo mpya na 6 dawa ya kulinganishia. Wazazi walidai kwamba hawakuelezwa kuwa ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Miaka 13! Bima inayojulikana tangu mwanzo isingemchosha mzazi kiasi hicho.

Sasa nizungumzie Nakivale, kwa sababu huko jambo ni zito zaidi. Makazi yale yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda, na leo yana watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, zaidi ya laki 1. Utafiti wa upimaji wa Ukimwi umekwisha kufanyika katika kituo cha afya cha huko. Mtafiti huomba ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na hiyo ni sawa. Lakini fomu ya Kinyankole haimsaidii mtu wa Kivu, na Kiingereza ndiyo kabisa. Iandikwe Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali, tena isomwe kwa sauti. Na iseme wazi kwamba anayekataa hatapunguziwa chakula. Mgao ulikwisha kupunguzwa mwaka 2023. Mtu mwenye njaa huogopa kumkatalia yeyote aliyeshuka kwenye gari jeupe.

Wakubwa wa maadili hutuambia kwamba malipo makubwa yatamshawishi maskini akubali hatari. Hofu hiyo ina msingi, hasa Nakivale. Lakini ujira wa siku moja si kishawishi. Ni kile kile ambacho mtu angekipata kama asingekuja.

Basi chama chetu kiombe kiti mapema, kabla ya bajeti kutiwa sahihi. Waajiri nao waitwe, wakubali kwa maandishi kwamba siku ya kupimwa si utoro. Nyapara asiandikishe watu. Hakuna ridhaa mbele ya mtu anayeshika daftari la mahudhurio. Na wajumbe wa matawi, gari la watafiti likisimama karibu na kiwanda au kambi ya wachuma chai, msianze kwa kuuliza dawa ni ya nini. Ombeni kuonyeshwa karatasi ya bima, kisha muulize ni nani atakayelipa siku ile.