Apple na Kazi ya Sinema



Kampuni ya Apple ya Marekani, itengenezayo simu, ilianza kupeleka sinema zake majumbani kwa intaneti tarehe 1 Novemba 2019. Wengine wauliza: je, yafaa izidi kuipanua kazi hiyo?

Mimi nasema yafaa, kwa sharti moja: hesabu ya watazamaji isifichwe. Mwandishi asiyejua mchezo wake umetazamwa mara ngapi atadai haki yake kwa kipimo gani? Ndiyo sababu moja waandishi wa sinema wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, Apple ikiwa miongoni mwa waajiri. Walipata mapatano: chama chao kionyeshwe hesabu, na mchezo ukitazamwa na wengi, malipo yazidi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kampuni ikipanuka, na mshahara upanuke.