Msitulaumu sisi, pimeni seva yenu kwanza

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnisamehe. Siku ya kusajili kozi imefika, saa mbili asubuhi tovuti ya chuo ikalala chali. Mwenzangu wa chumbani amehangaika nayo hadi usiku wa manane, dirisha likafungwa, kakosa somo lake la kufundishia. Jibu la ofisini: "Mliingia wengi kwa mpigo."

Jamani! Walitegemea tuingie mmoja mmoja kama foleni ya chakula? Idadi yetu si siri, wao wenyewe ndio waliotudahili.

Tena kipimo ni cha bure. Kinaitwa ApacheBench, kwa kifupi ab. Kwenye Ubuntu unaandika sudo apt install apache2-utils, basi. Mwenye XAMPP kwenye Windows anacho tayari ndani ya folda ya apache\bin. Halafu:

ab -n 1000 -c 100 http://localhost/

Yaani maombi 1000, mia mia kwa wakati mmoja. Usisahau ule mkwaju wa mwisho, ukiuacha inagoma. Na upime seva yako mwenyewe. Ukiielekeza kwa mtu bila ruhusa hupimi tena, unamshambulia.

Sasa asije mtu akasema "tulipima, wastani ni sekunde 2." Mwalimu mtarajiwa yeyote anajua wastani unavyoficha waliofeli. Tuseme watu 95 wanapata ukurasa kwa nusu sekunde, 5 wanasubiri sekunde 30. Piga hesabu: wastani unakuja kama sekunde 2, na wale watano hawaonekani popote! Ndiyo maana ab inakupa chini kabisa jedwali la asilimia, kuanzia 50 hadi 100. Soma mistari ya mwisho, huko ndiko alikokuwa mwenzangu.

Nakubali, ab inagonga anuani moja tu, haivuti picha wala haipiti hatua zote za usajili. Kwa hiyo kufaulu hapo hakumalizi kazi. Lakini seva ikifeli hata mtihani mwepesi hivyo, unafungua dirisha la usajili kwa ujasiri gani?

Sisi tunafundishwa kwamba mtoto haingii mtihani wa kidato cha nne bila kupigwa mock. Nyie mock yenu ndiyo siku yetu ya usajili?

Naomba kuwasilisha.