Kroshia Hailipi? Tazama Kwanza Uzi

Nimelisikia neno hili Sakina, nimelisikia Ngaramtoni, na juzi nimeambiwa tena na dada mmoja sokoni Kilombero, Arusha, tukiwa tumeinamia fungu moja la mitumba: kroshia hailipi. Eti ni kazi ya kina mama wa zamani, mashine zimeshaimaliza. Nauheshimu uchungu uliomo katika maneno hayo, maana wengi wanaoyasema wamefuma kweli, wameumiza macho na wameambulia kidogo. Ila lawama wanaitua pasipo pake.

Mama yangu mkubwa alifuma vitambaa vya makochi kwa uzi mweupe mwembamba. Seti moja ilimchukua zaidi ya mwezi, jioni baada ya jioni. Mteja akija, anailinganisha na vitambaa vya lesi vya dukani na kutaja bei ya lesi. Mama mkubwa akasema kazi haina soko. Mimi nasema kilichomla ni wembamba wa uzi: maelfu ya vitanzi ili kufunika mgongo wa kiti kimoja.

Hilo la mashine nalo lisipite hivi hivi. Masweta ya shule yanafumwa kwa mashine, na ni kweli ufumaji wa namna ile ulipata mashine zamani sana. William Lee alibuni ya soksi huko Uingereza mwaka 1589. Kroshia ni jambo jingine. Sindano yake moja hufunga kila kitanzi kabla ya kuanza kinachofuata, na mpaka leo viwanda havina mashine ya kuifanya kazi hiyo kwa biashara. Mashine za lesi huiga sura tu. Kwa hiyo ukiona kikapu cha kroshia cha bei chee kutoka ng'ambo, ujue kuna mtu aliyekifuma kwa mkono na kulipwa kidogo sana. Mshindani wetu ni ujira wa mtu huyo, na hatutamshinda kwa kufuma vitu vyembamba na vyepesi vinavyojaa kwa maelfu ndani ya kontena.

Ndiyo maana nautetea uzi wa utepe, ule ukanda bapa unaokatwa kwenye fulana kuukuu. Kata pindo la chini, kisha zungusha mkasi kwa upana wa sentimita mbili na nusu, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda, mpaka ufike chini ya kwapa. Fulana yenye mzunguko wa sentimita 110 na urefu wa sentimita 45 hadi kwapani hutoa mizunguko 18, yaani karibu mita 20 za uzi bila fundo hata moja. Uvute kwa nguvu: kingo zinajikunja na utepe unakuwa kamba ya mviringo. Kitenge hakikubali hivyo, kinatoa nyuzi. Ukiwa na sindano ya milimita 10, kila kitanzi kinajaza nafasi ambayo uzi mwembamba ungeijaza kwa vitanzi vingi, na kikapu kidogo cha kuwekea mboga au vifaa vya mtoto kinaweza kwisha ndani ya mchana mmoja. Gawanya bei kwa saa ulizokaa, ndipo useme kama kinalipa.

Wapo watakaosema hakuna anayetoa hela kwa makapi ya mitumba. Waende wakaitazame karakana ya Shanga, hapa hapa Arusha, ambako mafundi wenye ulemavu hugeuza chupa zilizotupwa kuwa vyombo vya kioo vya kupendeza, na wageni wanaopitia hapa kwenda Serengeti hununua. Mnunuzi anachotazama ni mkono uliotulia, rangi zilizochaguliwa, ukingo usiopinda.

Uzi huu una shida zake, na fundi mkweli huzisema mapema. Ni mzito. Wakati wa masika, mawingu ya Meru yakitukalia, zulia likilowa halikauki upesi. Mkoba mkubwa ukijazwa viazi unavutika mpaka magotini. Kwa hiyo usifume blauzi wala mkoba wa sokoni. Fuma zulia la mlangoni, kikapu kigumu, kitako cha kigoda. Na uzito huo huo unatulinda, maana kusafirisha mazulia mazito kutoka mbali ni gharama, ilhali fulana zinazoshuka bei mwisho wa belo tunazo hapa hapa mlangoni.

Dada wa Kilombero alinisikiliza, kisha akaniuliza nachaguaje fulana. Nikamwonyesha: pitisha kidole ubavuni, kwa kuwa kila penye mshono uzi utakuwa na nundu, halafu vuta kitambaa kwa upana, kiachie, tazama kama kinarudi. Tulitoa sita kwenye fungu. Tatu zilikuwa na mshono, tukazirudisha.