Bendera ya njano ilivyogeuka kadi nyekundu

JUNI 17, 2020 mashabiki wengi wa soka wanaikumbuka. Siku hiyo Ligi Kuu England ilirudi baada ya kusimama miezi mitatu kwa sababu ya corona. Villa Park ilikuwa tupu, Aston Villa ikicheza na Sheffield United. Oliver Norwood akapiga faulo, kipa Ørjan Nyland akaudaka mpira na kuingia nao ndani ya goli. Kila aliyekuwa mbele ya runinga aliona. Saa ya mwamuzi ikanyamaza. Mechi ikaisha 0-0, na mwisho wa msimu Villa ikakwepa kushuka daraja kwa tofauti ya pointi moja.

Siku hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, jamaa mmoja aliingia Mar del Plata, Argentina, akiwa kwenye boti ya tanga yenye urefu wa futi 29. Anaitwa Juan Manuel Ballestero. Alikuwa ametumia siku 85 kutoka kisiwa cha Porto Santo, Ureno, na alisafiri peke yake.

Mar del Plata si mji mgeni kwa watu wa mpira. Mechi za Kombe la Dunia 1978 zilipigwa pale, na ndiyo nyumbani kwa Aldosivi, klabu ambayo hata jina lake lilitokana na majina ya wenye kampuni iliyojenga bandari. Lakini Ballestero hakuwa na habari ya mpira. Baba yake alikuwa anatimiza miaka 90, ndege za kwenda Argentina zilikuwa zimesitishwa, na yeye hakutaka kukaa mbali na wazazi wakati dunia inaugua. Akapakia samaki wa kopo, mchele na matunda, akang'oa nanga.

Aprili 12 alifika Cape Verde kuongeza chakula na mafuta. Akakataliwa kuingia. Fikiria: mtu ametoka kisiwani, amekaa baharini karibu wiki tatu, hajapeana mkono na binadamu yeyote, halafu anaambiwa ageuze kwa sababu anaweza kuleta ugonjwa. Ikabidi aendelee na alichobakiwa nacho, akiutegemea upepo zaidi ya injini. Baadaye wimbi likaipiga boti karibu na Vitória, Brazil, akalazimika kutia nanga huko na kupoteza siku kama 10. Siku ya kuzaliwa ya mzee ikampita. Aliwahi Siku ya Baba.

Kisa chake kilisomwa dunia nzima kama hadithi ya ushujaa. Sawa, ni shujaa. Lakini ukikitazama kwa jicho la mtu wa mpira, swali linakuwa jingine: kwa nini alilazimika kuwa shujaa? Mchezaji akiokoa mpira kwenye mstari wa goli anapigiwa makofi, lakini kocha mwenye akili anauliza mabeki walikuwa wapi.

Ballestero hakuwa peke yake. Wapo watu wengi duniani ambao boti ya tanga ndiyo nyumba yao. Wanalala humo, wanapika humo, wengine wanalea watoto humo. Wanazunguka bahari kufuata upepo, leo Panama, mwaka kesho Polynesia, mwingine New Zealand. Machi 2020 dunia ilipoanza kufunga mipaka, watu hawa walikutwa katikati ya maji. Safari ya kutoka Galápagos hadi visiwa vya Marquesas pekee ni kama maili 3,000 za baharini, wiki tatu mpaka nne bila kuona ardhi. Mtu aliondoka bandari ikiwa wazi, akafika akakuta mlango umepigwa kufuli.

Kuna wapenzi wawili, mwanamke Mwitaliano wa Lombardia na mwanamume Mwingereza, waliovuka kutoka visiwa vya Canary kwenda Karibiani. Walikuwa wamewaomba ndugu zao wasiwatumie habari mbaya wakiwa safarini. Ndugu wakatii. Walipofika, ndipo walipojua kwamba kuna janga na Lombardia ndiyo inaungua. Kwa kuwa mwanamke alikuwa na pasi ya Italia, walibanwa. St Vincent iliwakubali baada ya kuonyesha kumbukumbu za GPS kwamba wametoka baharini na si Milan.

Hapa ndipo ilipo hoja. Amri ya dunia nzima wakati ule ilikuwa moja: kaa nyumbani. Watu hawa walikuwa nyumbani. Nyumba yao ilikuwa inaelea tu. Lakini kwenye karatasi za uhamiaji hapakuwa na kisanduku cha nyumba inayoelea. Palikuwa na mkazi na mgeni. Wao waliandikwa wageni, na mgeni akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi? Bendera iliyo nyuma ya boti inasema Ufaransa au Kanada, lakini huko mtu hana hata chumba cha kupanga, na kufika ni miezi ya kupasua mawimbi.

Na bahari haina subira ya ofisi. Watu wa Pwani wanalijua hili kuliko kamishna yeyote wa uhamiaji. Majahazi ya Zanzibar, Lamu na Oman yaliishi kwa kalenda ya kaskazi na kusi. Ukichelewa kaskazi huendi, unasubiri mpaka pepo zigeuke. Kwa wasafiri wa Karibiani kalenda hiyo ni vimbunga: Juni inaanza, Novemba inaisha, na kampuni nyingi za bima hazitaki boti ikutwe huko wakati huo. Pasifiki ya Kusini msimu wa vimbunga unaanza Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo mwenye boti alibanwa pande mbili. Akibaki, kimbunga na bima iliyokufa. Akiondoka, hakuna bandari ya kumpokea.

Wapo watakaosema hawa ni matajiri wenye boti zao, waache wahangaike. Hoja hii ni ya haraka mno. Matajiri wapo, lakini wenye meli zenye helikopta juu si ndio wanaozungumziwa hapa. Wengi ni wastaafu waliouza nyumba wakanunua boti iliyotumika, au vijana wanaofanya vibarua bandarini wakipata pesa ya tanga jipya. Na hata kama mtu ana pesa, pesa hainyweki katikati ya Atlantiki matangi ya maji yakikauka.

Hoja nzito ni nyingine, na hiyo lazima iheshimiwe. Visiwa vidogo vina haki ya kuogopa vyombo vinavyotoka mbali. Novemba 1918 meli ya Talune ilitoka Auckland na kutia nanga Apia, Samoa Magharibi, ikiwa na wagonjwa wa mafua makali ya wakati ule. Ikaruhusiwa kushusha abiria. Takriban mtu mmoja kati ya kila watano akafa. Jirani zao wa Samoa ya Marekani walifunga bandari, na hawakupoteza hata mtu mmoja. Nchi yenye historia kama hiyo ikifunga mlango, hakuna mwenye haki ya kuizomea.

Lakini soma kisa cha Talune vizuri. Ilikuwa meli ya abiria, imetoka kwenye mji wenye ugonjwa siku chache tu nyuma, na ndani tayari kuna watu wanaougua. Boti ya watu wawili waliokaa baharini siku 25 ni kitu tofauti kabisa. Kuwapa adhabu moja ni sawa na mwamuzi kutoa kadi nyekundu kwa aliyevunja mguu wa mwenzake na kwa aliyevuta jezi.

Tena bahari ndiyo iliyowafundisha watu wa nchi kavu karantini. Mwaka 1377 Ragusa, mji ambao leo ni Dubrovnik, Croatia, iliagiza wanaotoka sehemu zenye tauni wakae pembeni siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye Venice ikafanya 40, na neno karantini likatokana na hiyo arobaini. Mpaka leo chombo kikifika nchi ngeni kinapandisha bendera ya njano. Maana yake: chombo changu ni kizima, naomba ruhusa ya kuingia. Ni salamu, ni hodi. Mwaka 2020 bandari nyingi ziliiona bendera ya njano zikaisoma kama kadi nyekundu.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwepo, na Fiji iliipita. Juni 2020 serikali yake ilitangaza utaratibu wa boti kwenda moja kwa moja Port Denarau, siku za baharini zikihesabiwa ndani ya siku 14 za karantini. Aliyesafiri siku 10 alimalizia nne zilizobaki, akapimwa, akaingia. Fiji ni visiwa, ina hospitali chache, ina kila sababu ya kuogopa kama Samoa. Haikuacha kuogopa, ila ilikaa ikapiga hesabu. Waliofika wakanunua chakula, wakatengeneza boti, wakaacha pesa kwenye nchi ambayo watalii wa ndege walikuwa wamekatika.

Soka nalo linaijua njia hiyo. Agosti 2020 Uefa ilizikusanya timu nane Lisbon, zikapimwa, zikacheza mechi moja moja za mtoano bila mashabiki, na Bayern Munich ikaifunga PSG 1-0 fainali. Wachezaji wa nchi mbalimbali walivuka mipaka wakati raia wa kawaida hawaruhusiwi kumzika mama yao mkoa wa pili. Kwa mpira wa pesa nyingi, dunia ilikaa mezani ikatafuta mlango. Kwa mtu na boti yake, haikupata muda.

Na soka la nyumbani lina kidonda chake. Februari 2021 Namungo walisafiri kwenda Luanda kucheza na 1º de Agosto, Kombe la Shirikisho. Walipotua wakapimwa, baadhi wakaambiwa wana virusi, kikosi kizima kikawekwa chini ya ulinzi na mechi haikuchezwa. Nchini kila shabiki alipandwa na hasira, hata wa Simba na Yanga. Hakuna aliyesema Angola haina haki ya kujilinda. Kilichouma ni kwamba timu iliondoka na ratiba mkononi, ikafika ikawa mfungwa. Caf ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam, Namungo ikashinda 6-2, ikafungwa 3-1, ikasonga kwa jumla ya 7-5.

Namungo walikuwa na Caf ya kupeleka shauri. Walikuwa na TFF, ubalozi na redio za nchi nzima zikipiga kelele. Mtu aliyekaa kwenye boti nje ya bandari iliyofungwa, simu haishiki, maji yamebaki ya siku nne, hana shirikisho. Hana hata mashabiki.

Ndiyo maana jambo hili halipaswi kuishia kwenye simulizi za Ballestero. Janga lingine litakuja, na mipaka itafungwa tena, pengine kwa haki kabisa. Kinachotakiwa ni kanuni tatu zinazoweza kuandikwa leo wakati vichwa vimetulia. Kwanza, siku za baharini zihesabiwe kuwa karantini, mradi kumbukumbu za safari zipo. Pili, hata pale mtu asiporuhusiwa kushuka, boti itie nanga na kupelekewa maji, chakula, mafuta na dawa kabla ya kuambiwa iende. Tatu, amri mpya isimkute aliyeshang'oa nanga. Kanuni za ligi hazibadilishwi dakika ya 60.

Hili linazihusu pia Tanga, Zanzibar, Mombasa na Kilifi, ambako boti za tanga kutoka mbali huja kutia nanga. Watu wa Pwani hawajawahi kufundishwa na mtu namna ya kumpokea aliyeletwa na upepo. Walimkaribisha, wakampa maji, halafu ndipo wakamuuliza ametoka wapi. Wakati wa janga maswali yatatangulia, na yatangulie. Maji yasisahaulike.

Turudi Villa Park. Wenye mtambo wa goli walieleza baadaye kwamba kamera zote saba zilizibwa na kipa, wachezaji na nguzo ya goli, wakaomba radhi. Ilikuwa ajali. Ballestero pale Cape Verde hakuzibwa na kitu. Alikuwa peke yake juu ya maji, anaonekana, na siku alizokaa baharini zinahesabika kwa vidole. Ilihitajika mtu mmoja tu wa kuzihesabu.