Obokano si ya kuchangamsha wageni wakila

Najua kuna watu watanikasirikia kwa hii, lakini wacha niseme. Siku mtu akianzisha orkestra ndogo hapa Kisii, ile ya watu kumi na tano hivi wa vayolini, viola, selo na besi, sitamwuliza pesa ya vyombo ametoa wapi. Nitamwuliza: mtapiga nini?

Orkestra kama hiyo mara nyingi haina hata kondakta (naongelea wa muziki, si wa matatu ya Keroka). Mpiga vayolini wa kwanza anaongoza akiwa palepale kwenye kiti chake, kwa kichwa, kwa nyusi, kwa pumzi. Hiyo mtu hujifunza. Orodha ya nyimbo ndiyo hutuonyesha anamheshimu nani.

Na orodha tunaijua tayari. Vivaldi, Mozart, halafu mwisho kabisa, watu wakianza kutafuta mlango, wimbo mmoja wa Kigusii wa kupigia makofi. Niliwahi kuona kitu kama hicho kwenye sherehe moja Nyamira. Mzee wa obokano aliitwa wakati wageni wanakula. Akapiga karibu nusu saa, sahani zikigongana. Ilipoingia kwaya, MC akaomba watu wanyamaze. Manze, iliniuma.

Obokano ina nyuzi nane, bakuli kubwa la mbao limefunikwa ngozi, na sauti nzito unayoisikia kifuani kabla ya masikioni. Iweke kando ya selo uone kama itaaibika.

Shida ya kweli ni nyuzi. Mzee huzikaza zikubaliane na sauti yake, kwa sababu anapiga huku akiimba. Orkestra nayo hukaza zake kwa noti moja, A, mitetemo 440 kwa sekunde. Sasa nani amfuate nani? Kiongozi mvivu atamwambia mzee abadilishe, mzee aimbe akijinyonga koo, halafu tuseme muziki wetu hauingiani na wao. Mimi nasema vayolini zishuke. Zina vigingi, hazitakufa. Mazoezi yaanze mzee akiimba, wengine wakimtafuta. Wiki ya kwanza itakuwa kelele tupu, na ni sawa.

Kuna wasee watasema hivyo havichanganywi. Mwaka 1992 Kronos Quartet ya Marekani, watu wanne tu, walitoa albamu ya Pieces of Africa, kazi za watunzi wa Afrika. Jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda yumo. Foday Musa Suso wa Gambia yumo pia, amekaa nao na kora yake. Hakuitwa wakati wa chakula.

Sisemi Mozart afukuzwe. Mtoto wa Nyamira ana haki naye kama mtoto wa Vienna. Lakini watunzi tunao pia. Kwaya za makanisa yetu zimejaa watu wanaoandika solfa usiku kucha: soprano, alto, teno, besi. Hiyo tayari ni vayolini ya kwanza, ya pili, viola na selo! Wapewe kazi, na walipwe.

Kama uko Kisii au Nyamira na una selo imelala chini ya kitanda, niandikie. Mzee nimeshaongea naye. Amekubali, ila anataka kujua kama na yeye atapewa kiti cha mbele.